Picha za ukutani kwenye nyumba za Warumi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikisambaa picha ya ukuta mwekundu wa Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, maswali huwa ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja. Ya msingi yako juu, yenye utata yako chini. Jambo likishajibiwa kwingine nitakuelekeza huko tu, sirudii.

## Ya kuanzia

Hizi ni picha gani hasa?

Ni michoro iliyopakwa moja kwa moja kwenye lipu ya ukuta ndani ya nyumba za watu, sio picha za kutundika. Na usifikirie picha moja katikati ya ukuta mweupe, ukuta mzima ulikuwa kazi moja: chini kuna mkanda wa rangi nzito, katikati ndio kuna paneli kubwa na picha yenyewe, juu kuna sehemu nyepesi ya maua na vinguzo vyembamba, na mara nyingi hata dari ilipakwa. Zile tunazozijua vizuri ni za kuanzia kama 200 KK mpaka 79 BK.

Mbona kila kitu ni Pompeii, Pompeii tu?

Kwa sababu ya mlima. Mwaka 79 BK Vesuvius ulilipuka ukafukia Pompeii, Herculaneum, Stabiae na majumba ya mashambani ya Oplontis na Boscoreale, na kilichofukiwa kikabaki na rangi zake. Roma penyewe watu waliendelea kuishi, wakabomoa, wakajenga juu ya walichobomoa, kwa hiyo kule vimebaki vipande, ingawa vingine ni hatari tupu, mfano ile nyumba ya kilima cha Palatine inayosemwa ni ya Kaisari Augustus mwenyewe. Maana yake ni kwamba tukisema picha za Warumi, kwa sehemu kubwa tunaongelea watu wa kuzunguka ghuba ya Napoli, na hadithi inakatika ghafla 79. Kuhusu kwingine angalia swali la nje ya Italia huko chini.

(Tarehe kamili: vitabu vingi vinasema 24 Agosti, ila 2018 yalipatikana maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe inayoangukia 17 Oktoba, na tangu hapo wengi wamehamia Oktoba.)

Zilikuwa za matajiri peke yao?

Hapana, na hili linashangaza wengi. Maduka yalichorwa, vilabu vya mvinyo vilichorwa, jikoni kulichorwa. Tofauti ilikuwa kwenye kiwango. Mwenye hela kidogo aliishia na ukuta mweupe, mistari miwili mitatu myekundu na kandege kamoja katikati, mwenye nazo alipata rangi za ghali na fundi anayejua kuchora watu.

Kwa nini wajaze ukuta wote hivyo? Si inachosha macho?

Fikiria chumba chenyewe kwanza. Nyumba ya Kirumi ya mjini haikuwa na madirisha makubwa ya kuangalia barabarani, mwanga uliingia kupitia uwazi wa kwenye paa la ukumbi wa mbele na kupitia ua wa ndani, na vyumba vingi vya pembeni ni vidogo na vina giza. Fanicha zilikuwa chache. Kwa hiyo ukuta ndio ulifanya kazi yote ya kukifanya chumba kiwe chumba cha maana.

Halafu nyumba ya mkubwa haikuwa mahali pa kulala tu. Asubuhi watu waliomtegemea walikuja kumsalimia, kuomba msaada, kuleta shida zao, na walisubiri pale ukumbini. Jioni wageni wachache walioteuliwa waliingia ndani zaidi kwenye chumba cha kulia. Kuta zilimwonyesha kila mmoja mpaka wake uko wapi bila mtu kufungua mdomo. Kwenye jumba la Oplontis njia na ua wa watumishi zimechorwa mistari myeusi na myeupe ya kulala upande, watafiti wenyewe wanaiita ya pundamilia, na mistari hiyo haina hadithi wala mungu, ni ya kupita tu na mzigo wako. Ukivuka kizingiti unakuta tausi, barakoa za maigizo, kapu la matunda limefunikwa kitambaa chepesi mpaka unayaona matunda kwa ndani. Ukitaka kuielewa picha yoyote ya hizi, anza kwa kuuliza ni nani alisimama hapo na alikuja kufanya nini. Mimi nikiona kitabu kimekata picha ya katikati na kuiweka peke yake kwenye karatasi nyeupe huwa naona nusu ya habari imetupwa.

## Ile mitindo minne

Mitindo minne ya Pompeii ni ipi?

Ni mgawanyo wa mtaalamu wa Kijerumani August Mau, aliutoa 1882, na pamoja na kulalamikiwa bado kila mtu anautumia.

Wa kwanza, kama 200 mpaka 80 KK, hauna picha za watu kabisa. Fundi anajenga kwa lipu vitofali vilivyotuna kidogo kisha anavipaka vifanane na marumaru za rangi tofauti, ujanja uleule wa leo wa kubandika karatasi yenye sura ya mbao kwenye meza isiyo ya mbao. Nyumba ya Faun pale Pompeii ndio mfano mkubwa.

Wa pili, mpaka kama 20 KK, ndio ninaoupenda kuliko yote. Sasa lipu ni bapa kabisa lakini ukuta unatobolewa kwa macho: nguzo zinaonekana zimesimama mbele yako, nyuma yake mahekalu, mitaa, balkoni, anga. Chumba cha kulala kutoka jumba la Boscoreale kilinunuliwa na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York mwaka 1903, na wamekipanga kama kilivyokuwa, kwa hiyo unasimama mbele ya mji mzima uliochorwa kuzunguka chumba kidogo. Hapa hapa ndio inaingia bustani ya Livia, mke wa Augustus, kutoka jumba lake la Prima Porta nje ya Roma. Chumba kiko nusu chini ya ardhi, cha baridi kwa ajili ya joto la kiangazi, na kuta zote nne ni bustani moja isiyokatika: makomamanga, mikwinsi, waridi, ndege wa kila namna. Ukiangalia vizuri utaona miti ya majira tofauti imechanua na kuzaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo bustani ya kweli haiwezi. Iligunduliwa 1863, sasa iko Palazzo Massimo, Roma.

Wa tatu, mpaka katikati ya karne ya kwanza, unafunga ukuta tena. Rangi moja pana, nyeusi au nyekundu, vinguzo vyembamba kama mianzi, na katikati kipicha kidogo cha hali ya juu. Wa nne, mpaka mlipuko wenyewe, unachanganya kila kitu kilichotangulia na kuongeza pilipili; ndio uliojaa Nyumba ya Vettii na Domus Aurea, jumba la Kaisari Nero kule Roma.

Ni kweli kuna mzee aliyeichukia hiyo mitindo mipya?

Vitruvius, msanifu majengo wa enzi za Augustus, kitabu chake cha 7. Alikasirika kweli. Anasema zamani watu walichora vitu vilivyopo, sasa wanachora mabua ya mimea yanayobeba paa, vinara vya taa vinavyobeba mahekalu, na mashina ya maua yanayotoa vichwa vya watu juu yake, vitu ambavyo havipo, haviwezi kuwepo na havijawahi kuwepo. Halafu cha kuchekesha ni kwamba kila alichokilalamikia unaweza kukiona leo, mafundi na wateja wao hawakumsikiliza hata kidogo.

Mtindo mpya ukija, walifuta wa zamani?

Sio lazima. Nyumba ya Faun ilikaa na kuta za mtindo wa kwanza mpaka siku ya mlipuko, zaidi ya miaka 150 baada ya kutengenezwa, na wenye nyumba ile hawakuwa watu wa kukosa hela ya rangi. Kukaa na ukuta wa enzi za babu kulikuwa ni kuonyesha kwamba nyinyi mna ukoo. Kinyume chake ni akina Vettii, Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus, wanaoaminika walikuwa watumwa walioachwa huru wakatajirika, wao kila chumba ni kipya na kimejaa. Ndio maana nikasema pale juu, uliza nani alikuwa anaishi humo kabla hujasema ukuta ni wa kizamani.

## Ufundi na hela

Zilichorwaje mpaka zikadumu hivi?

Kwa fresko: rangi iliyochanganywa na maji inapakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa ikikauka inavuta hewa ya ukaa na kugeuka tena kuwa jiwe, na rangi inabaki imefungwa ndani ya jiwe hilo. Haijabandikwa juu, ni sehemu ya ukuta.

Shida ni kwamba una muda mfupi. Kwa hiyo walipiga lipu ya mwisho kwa sehemu, kuanzia juu kushuka chini ili matone yasiharibu kilichokwisha, na ukimulika ukuta kwa pembeni unaona mishono ya sehemu hizo, alama za kamba iliyovutwa na kuachiwa ili kupata mstari ulionyooka, na mikwaruzo ya bikari kwenye miduara. Vitu vidogo viliongezwa baadaye juu ya lipu kavu kwa gundi fulani, na hivyo ndivyo vinavyobanduka kwanza. Ukiona mtu hana macho au kikapu hakina matunda, mara nyingi sababu ni hiyo.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni nyumba moja ya Pompeii iliyopewa jina la Nyumba ya Wachoraji Kazini. Mlipuko uliwakuta mafundi katikati ya kazi, wakakimbia, wakaacha vibakuli vya rangi. Sehemu ya juu ya ukuta imeisha, paneli za rangi moja zimeisha, picha ya katikati bado ni mistari ya kuanzia tu. Inaonekana hapo kwamba walikuwa kadhaa kwa wakati mmoja, huyu anapaka bapa, yule anasubiriwa kwa ajili ya picha yenye watu.

Ni kweli walipiga lipu tabaka saba?

Vitruvius anashauri hivyo: tabaka la kwanza la kukwaruza, matatu ya mchanga, matatu ya unga wa marumaru. Ukipima kuta za Pompeii nyingi hazifiki hapo. Kitabu ni kitabu na bajeti ni bajeti.

Rangi walizitoa wapi?

Nyingi ni udongo tu, wa manjano na mwekundu, chokaa kwa nyeupe, masizi kwa nyeusi. Hizo fundi alikuja nazo. Rangi za ghali alinunua mwenye nyumba, Plinius Mzee (mwandishi wa Kirumi aliyekufa kwenye mlipuko wa 79) anazitaja kwa majina. Mojawapo ilikuwa nyekundu ya sinaba, madini yenye zebaki yaliyochimbwa Hispania, bei yake iliwekewa kikomo cha sesterti 70 (sarafu za Kirumi) kwa ratili ili isipande zaidi. Plinius anaongeza kwamba mafundi waliiiba kijanja: unachovya brashi ijae, unaiosha kwenye maji mara kwa mara, rangi inazama chini, jioni unaondoka na maji yako. Fundi ni fundi jamani.

Buluu ilikuwa ya kutengenezwa, buluu ya Misri, mchanga na shaba vikichomwa pamoja, na kiwanda kilichojulikana kilikuwa Puteoli karibu na Napoli. Rangi hii ina tabia moja nzuri, ukiimulika na kuipiga kwa kamera ya infraredi inawaka, hivyo watafiti wanaiona hata pale ambapo jicho linaona kijivu tu.

Na kwa sisi wa Bahari ya Hindi: kwenye orodha ya Plinius ya rangi za ghali kuna utomvu mwekundu uitwao damu ya joka, na mwongozo wa mabaharia wa karne hiyohiyo, ule unaotaja pwani ya Azania (yetu hii ya Afrika Mashariki) na soko la Rhapta, unasema ulikusanywa kwa matone kutoka kwenye miti ya kisiwa cha Sokotra. Rangi ya nili nayo ilitoka India. Plinius mwenyewe aliandika kuwa ni damu halisi ya joka lililopondwa na tembo anayekufa, sijui wafanyabiashara walicheka kiasi gani.

Fundi alilipwa shilingi ngapi?

Kwa Pompeii hakuna risiti. Tulichonacho ni tangazo la bei la Kaisari Diocletianus la mwaka 301, zaidi ya miaka 200 baadaye na pesa ikiwa imeshaporomoka, kwa hiyo angalia uwiano tu sio kiasi. Mchoraji wa ukuta wa kawaida denari 75 kwa siku pamoja na chakula, mchoraji wa picha zenye watu 150. Seremala 50, kibarua wa shamba 25.

Majina yao tunayajua?

Karibu hakuna. Pompeii kuna sahihi moja, Lucius, iko kwenye nyumba ya Octavius Quartio kandokando ya benchi la kulia chakula la bustanini, ameandika kwamba yeye Lucius ndiye aliyechora. Plinius anamtaja Studius wa enzi za Augustus aliyeleta mtindo wa kuchora mandhari za bandari, mabwawa ya samaki na watu wakitembea au kupanda punda, na Famulus aliyechora jumba la Nero, ambaye alifanya kazi saa chache tu kwa siku na hakuvua toga, vazi rasmi la Kirumi, hata akiwa juu ya jukwaa. Waliobaki wote wamepotea, na wengi wao huenda walikuwa watumwa.

Kulikuwa na wachoraji wanawake?

Ndiyo. Plinius anawataja kadhaa, mfano Iaia wa Cyzicus aliyelipwa zaidi ya wanaume maarufu wa wakati wake, ila huyo alichora picha za watu kwenye mbao. Kwenye Nyumba ya Daktari Mpasuaji ya Pompeii kuna picha ya mwanamke amekaa anachora, sasa iko makumbusho ya Napoli. Kama wanawake walipanda majukwaa kupaka kuta, hilo halijaandikwa popote.

Nyekundu ya Pompeii ndio ileile waliyoiona wao?

Sio mara zote. Udongo wa manjano ukipata joto kali unageuka mwekundu, na joto la mlipuko lilifanya hivyo kwenye kuta kadhaa, utaona ukuta mmoja una manjano upande huu na nyekundu upande ule bila mpaka wa maana. Sinaba nayo inaenda kinyume, ikipigwa na mwanga inakuwa nyeusi. Vitruvius anasimulia kisa cha karani mmoja, Faberius, alitaka sifa akapaka sinaba kuta zote za ua wa nguzo wa nyumba yake kwenye kilima cha Aventine, siku 30 hazijapita rangi imekuwa mabaka mabaya, ikabidi atafute watu wapake rangi nyingine. Dawa aliyoitoa Vitruvius ni kuifunika na nta iliyochanganywa na mafuta kidogo kisha kusugua kwa kitambaa safi.

## Picha zenyewe

Mbona hadithi zinajirudia nyumba kwa nyumba?

Ni hadithi za kale za Wagiriki: Narcissus anajiangalia majini, Ariadne ameachwa ufukweni, Perseus anamshusha Andromeda kwenye jabali, utazikuta nyumba nyingi sana zikiwa na mpangilio unaofanana. Mafundi walikuwa na michoro ya kuigia, nyingine labda inatokana na picha maarufu za Wagiriki zilizopotea. Lakini sio kopi ya moja kwa moja, huyu kageuza mkono, yule kaongeza mbwa. Na picha zilipangwa zijadiliwe, mgeni kalala kwenye kochi la kulia ana saa kadhaa za kukaa pale, anaangalia kuta tatu zenye hadithi tatu na mwenye nyumba anamsubiri aseme kinachoziunganisha. Kwenye chumba kimoja cha akina Vettii kuna Pentheus anararuliwa, Dirce anafungwa kwenye fahali, na Hercules mtoto ananyonga nyoka, sasa hapo kila mtu atoe lake.

Chumba kingine cha nyumba hiyohiyo kina mkanda mwembamba wa vitoto vyenye mabawa vikifanya kazi za watu wazima: vinauza manukato, vinafua dhahabu, vinashughulika na mvinyo. Nyumba ya watu waliotoka chini wakapanda kwa biashara, unaona jinsi kazi ilivyoingizwa sebuleni ikiwa imevalishwa nguo za mzaha.

Ile Villa ya Siri inaonyesha nini?

Ni jumba la nje ya ukuta wa mji wa Pompeii, na picha inayoulizwa iko kwenye chumba kimoja: ukubwa wa watu halisi, ukuta mwekundu, watu 29 kuzunguka chumba kizima, katikati ya ukuta wa mbele Dionysus, mungu wa mvinyo, ameegemea mapajani kwa mwanamke. Kuna mtoto anasoma, mwanamke anachapwa, mwingine anacheza akiwa uchi, mwingine anatengenezwa nywele. Ilifukuliwa kuanzia 1909 na tangu hapo ugomvi ni uleule: ni mwanamke anaingizwa kwenye ibada za siri za Dionysus, au ni bibi harusi anaandaliwa na haya yote ni lugha ya mafumbo. Mimi naona watu wanasahau kwamba ni chumba cha kupokea wageni, kina mlango mkubwa na mandhari, na ibada ya siri huwezi kuichora ukutani mahali ambapo kila mgeni wa chakula anaona. Mwaka 2025 ulitangazwa ukumbi mwingine wa karamu Pompeii wenye wafuasi wa Dionysus kwa ukubwa unaokaribia huo, na nao ni chumba cha kulia.

Kweli walichora pizza?

Hapana. Picha iliyotoka Juni 2023 ina mkate bapa kwenye sinia ya fedha, komamanga au tende juu yake, na kikombe cha mvinyo. Nyanya zilitoka bara la Amerika, Ulaya hazikuwepo mpaka zaidi ya miaka 1,400 baadaye. Picha za vyakula zilikuwa aina inayojulikana, Wagiriki walikuwa wakimpelekea mgeni zawadi ya vyakula, na Warumi wakapenda kuzichora.

Na wale viboko, mamba na watu wafupi?

Mandhari ya Nile. Augustus aliitwaa Misri mwaka 30 KK na baada ya hapo mitindo ya Kimisri ikaingia kila mahali. Mara nyingi iko kwenye bustani karibu na maji: mto, mitende, viboko, mamba, na watu wafupi wenye vichwa vikubwa wakipigana na wanyama, mmoja kamezwa na kiboko, mwingine kapanda mamba. Ile ya Nyumba ya Daktari (sio ya yule mpasuaji) iko Napoli. Tusizunguke, ni kejeli. Watu wa bara letu wamechorwa ili mgeni aliyelala na kikombe chake acheke.

Picha za ngono kila mahali, hawakuwa na haya?

Hawakuona kama sisi tunavyoona. Priapus, mungu wa uzazi, kwenye mlango wa akina Vettii, anayepima uume wake kwenye mizani dhidi ya mfuko wa fedha, yuko pale kuleta neema na kufukuza jicho baya, ni wa mlangoni kwa makusudi. Picha za wapenzi kitandani ziliwekwa hata kwenye vyumba vya heshima, zingine zina ufundi wa hali ya juu. Zingine zimefichwa, mfano chumba kidogo pembeni ya jiko la nyumba hiyohiyo. Waliofukua karne ya 18 na 19 ndio walizifungia kwenye chumba maalumu cha makumbusho ya Napoli, kikaja kufunguliwa kwa kila mtu mwaka 2000.

Wale mume na mke wenye kitabu ni akina nani?

Wenye nyumba, yaelekea, nyumba ya Pompeii iliyoungana na duka la mikate. Mwanaume kashika gombo, mwanamke kashika kalamu na ubao wa nta na yuko mbele kidogo. Jina Terentius Neo analopewa mwanaume limetokana na maandishi ya nje ya nyumba, halina uhakika wa asilimia mia.

Nyoka jikoni ni wa nini?

Ulinzi. Ni sehemu ya kijialtari cha miungu ya nyumba, mara nyingi jikoni au karibu, chenye vijana wawili wanaocheza na nyoka chini anaelekea kwenye sadaka. Watumwa ndio walioiona kila siku.

## Yenye utata

Mbona vyumba vingine ni vyeusi tii?

Moshi. Vitruvius anasema wazi kwamba chumba cha kulia cha majira ya baridi usikipambe kwa picha laini, taa na moto vitaziharibu, weka paneli nyeusi. Ukumbi mweusi wa Pompeii uliotangazwa Aprili 2024 unafuata hivyo, na kwenye weusi huo wanajitokeza Helen na Paris, Apollo na Cassandra. Kwa mwanga wa taa za mafuta zinazoyumba, na mvinyo kichwani, lazima walionekana wanatembea.

Nje ya Italia kuna nyumba zilizochorwa?

Nyingi. Efeso, Uturuki, kuna nyumba za mteremkoni zilizofunikwa paa la kisasa. Arles, Ufaransa, wamepata mtindo wa pili wa wakati wa Julius Caesar. Uingereza kuna Lullingstone, Kent, jumba ambalo karne ya 4 lilikuwa na chumba chenye picha za Wakristo wakisali, sasa British Museum. Afrika, ukiacha pwani ya Libya na Tunisia, nenda Amheida kwenye oasisi ya Dakhla, Misri: nyumba ya Serenos, karne ya 4, ukutani Perseus na Andromeda na Odysseus akitambuliwa na yaya wake. Jangwani kabisa, miaka karibu 300 baada ya Pompeii, na bado mgeni anakaribishwa kwa hadithi zilezile.

Kwa nini kuta nyingi zina mashimo ya mstatili?

Wezi wa serikali, ukipenda. Wafalme wa Bourbon wa Napoli walianza kuchimba Herculaneum 1738 na Pompeii 1748, wakawa wanakata picha ya katikati, wanaitia fremu na kuipeleka ikulu, ukuta uliobaki ukaachwa kwenye mvua. Ndio chanzo cha kile nilicholalamikia kwenye swali la kujaza ukuta. Pia kuna mashimo ya 1943, mabomu ya Washirika kwenye Vita vya Pili vya Dunia.

Zinaendelea kuharibika?

Ndiyo. Chumvi, unyevu, mizizi, jua, nta iliyopakwa na warekebishaji wa zamani. Novemba 2010 jengo la Schola Armaturarum pale Pompeii liliporomoka, dunia ikapiga kelele, ukaja mradi wa euro milioni 105 ambao kweli ulibadilisha hali. Nyumba ya Vettii ilifunguliwa upya Januari 2023 baada ya kama miaka 20. Kwa vipande vilivyovunjika vipo elfu na elfu, mradi wa RePAIR ulioanza 2021 ulijaribu roboti na programu za kuviunganisha.

Nikienda, nianzie wapi?

Usianzie Pompeii, anzia makumbusho ya Napoli, maana picha za katikati nyingi ziko huko. Kisha Pompeii asubuhi na mapema, tangu Novemba 2024 wanaruhusu watu 20,000 tu kwa siku. Vettii kwanza kabla foleni haijajaa, Villa ya Siri mwisho kwa sababu iko nje ya ukuta wa mji na ni mwendo. Oplontis iko Torre Annunziata, treni ni jirani tu na watu ni wachache. Mlioko Marekani mna chumba cha Boscoreale pale New York, wa Uingereza mna Lullingstone. Na popote utakapoenda usiguse, mafuta ya vidole yanabaki.